Mhuni ni Nani? Habari za Kambi za Mkonge

Ndugu msomaji, tumezoea kusema vijana wameharibika, na jina tuwapalo ni wahuni. Lakini zamani neno hilo halikuwa la mwizi au mlevi tu. Mhuni alikuwa mtu aliyeacha kwao, asiye na jamaa wa kumwuliza unakwenda wapi. Maana hiyo ya zamani ndiyo itakayotufahamisha habari za Makuyuni na Korogwe.

Nchi hiyo ni ya Wazigua na Wasambaa. Huko kijana hakulelewa na baba na mama peke yao. Kwa Wazigua mjomba alikuwa na kauli kubwa. Palikuwa na jando, palikuwa na mwalimu wa chuo, na jirani akikukuta katika kosa alikuchapa, kisha akenda kukushitaki nyumbani, ukachapwa tena. (Wengi wetu twaikumbuka fimbo hiyo ya pili.)

Kisha ukaja mkonge, ulioletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905. Mashamba yakataka watu, na mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda SILABU, shirika la kutafuta vibarua mbali. Wakaja manamba: Waha, Wabena, Wanyamwezi, na watu wa Msumbiji. Wengi waliwaacha wazee wao nyuma. Kambini mtu alijulikana kwa namba na kipande chake cha siku 30. Sasa fikiri, msomaji: mtoto aliyekulia hapo akikosea, nani wa kumkanya? Mjomba yuko Kigoma. Jirani ni mgeni wa mwaka huu, mwakani hayupo. Siku ya mshahara pombe tele, na kijana mwenye fedha yake hamsikilizi mtu. Umaskini ulikuwapo, lakini hata vijijini ulikuwapo. Mimi naona kilichokosekana zaidi ni wakubwa.

Baadaye hata kazi ikaondoka. Mwaka 1964 nchi ilitoa mkonge tani zipatazo 230,000. Nailoni ikashusha bei, na mwishoni mwa miaka ya 1980 zilibaki kama 30,000. Vijana wakashika njia ya Tanga na Dar es Salaam.

Mkoloni alikuwa na dawa yake, sheria ya 1944 ya kuwaondoa mijini wasiotakiwa. Mwaka 1983 ikaja Nguvu Kazi, wazururaji wa Dar es Salaam wakakamatwa ili warudishwe makwao. Lakini aliyezaliwa kambini, baba Mha na mama Mbena, kwao ni wapi?