Tarehe ya Kasungami, Kiunga cha Lubumbashi

Mwenye kutaka kuijua tarehe ya Kasungami hana budi aanze na shaba, kwani lau si shaba nchi hiyo ya Walamba ingalibaki na mashamba yake na msitu wake wa miombo, na wala pasingalikuwako mji wa kuufuata. Kampuni ya migodi ya Union Minière iliundwa mwaka 1906. Reli iliyotoka Rhodesia iliwasili mwaka 1910, ndio mwaka uliozaliwa mji wa Élisabethville, ambao tangu 1966 waitwa Lubumbashi. Na mwaka 1911 tanuri lilianza kuyeyusha shaba.

Wafanya kazi wa mwanzo walitoka aghalabu Rhodesia ya Kaskazini, kisha wakaletwa wengine kutoka Kasai na Ruanda-Urundi, na baada ya kampuni kutambua kwamba mtu mwenye ahali yake hatoroki upesi, wakaruhusiwa kukaa na wake na watoto. Mitaa ya Waafrika mjini ikawa Kamalondo, Kenya, Katuba na Ruashi. Kasungami haikuwamo katika hesabu hiyo. Ilikuwa shamba tu.

Kilichoijaza Kasungami, kwa rai yangu, si neema ya shaba bali dhiki yake. Gécamines, iliyorithi migodi ya Union Minière na kutoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980, ilishuka hata mwaka 1994 isifikishe tani 50,000. Na mwaka 2003 wafanya kazi zaidi ya 10,000 wakaanza kuachishwa kwa mkupuo. Mtu asiye na mshahara wala nyumba ya kampuni hutafuta lupango, yaani kiwanja, palipo rahisi, nako ni ukingoni, katika komini ya Annexe iliyouzunguka mji. Hapo hukuta kichuguu kirefu kuliko nyumba, akakibomoa, udongo wake akaufyatua matofali, akachimba kisima uani, na msitu uliobaki ukaenda katika makaa ya kupikia. Ajabu ya mambo ni kwamba kichuguu kilichochukua karne nyingi kuinuka hugeuka kuta za nyumba.

Shida kubwa ilikuwa hati. Sheria ya mwaka 1973 yasema ardhi yote ni milki ya serikali, lakini mnunuzi aghalabu alipata idhini ya chifu kwanza, na karatasi ya serikali ikaja baadaye, kama ilikuja.

Watu wa Kasungami ni wangapi leo? Sensa ya mwisho ya nchi nzima ilikuwa mwaka 1984, na baadhi ya waliozaliwa baada yake sasa wana watoto. Lakini tarehe haina haja ya kungoja sensa: mwaka 1965 André Yav, mtumishi wa nyumbani, aliandika kwa Kiswahili tarehe ya Élisabethville pasipo kungoja ruhusa ya mwanachuoni. Walimu wa Kasungami nao waanze: wawaulize wazee, lupango kwa lupango, nani alifika kwanza na alitoka wapi, wayaandike majibu hayo wazee wangali hai.