Kivuli cha Kioo, Tangu Zama za Chogo

Vijana wanaoniletea simu hapa Darajani hudhani kivuli cha kibodi kilichoganda kwenye kioo ni ugonjwa wa juzi. Mie nilikuwa nikikiona kabla simu ya mkononi haijafika kisiwani.

Ufundi nimejifunzia kwenye televisheni za chogo. Unguja ilipata televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, bara ikasubiri hadi 1994, kwa hiyo kazi haikutukosa. Ndani ya chogo mna bomba la kioo, mjukuu wa lile alilolitengeneza Karl Ferdinand Braun huko Ujerumani mwaka 1897. Elektroni hurushwa kutoka nyuma, zikigonga unga uliopakwa kwa ndani ya kioo, unga nao hung'aa. Kadiri unavyogongwa ndivyo unavyochoka. Picha za mpira au taarabu huhamahama, basi unga huchoka wote pamoja na jicho lisijue. Taabu ilikuwa kwenye kompyuta za ofisini, zile za maandishi ya kijani, fomu ile ile asubuhi hadi jioni. Nimewahi kufungua moja isiyo na umeme kabisa, na vichwa vya safu za orodha ya mishahara vikawa bado vinasomeka kiooni.

Dawa ya kwanza ilikuwa kuzima tu. Mwaka 1983 Mmarekani John Socha alichapisha katika jarida la Softalk programu fupi iliyotia kioo giza kompyuta isipoguswa kwa dakika tatu. Mwaka 1989 ikaja programu ya After Dark, na tosta zake zenye mbawa zikiruka usiku kucha. Watu wakazipenda mno hata wakasahau zilikuja kwa kazi gani.

Televisheni ya plasma, iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1964, sitaisemea sana. Nayo ilitumia unga unaong'aa, na ilipoingia mabaa nembo ya kituo na ubao wa magoli vikabaki pembeni hata wakati wa taarifa ya habari. Simu zetu za mwanzo zilisalimika kwa sababu vioo vyake vya LCD havitoi mwanga wenyewe. Taa iko nyuma au pembeni, kioo kinauziba mwanga wake na kuupisha tu. Kikishika picha, mara nyingi huachia baada ya muda.

Kivuli kilirudi kwa mlango mwingine. Mwaka 1987 Ching Tang na Steven Van Slyke wa Kodak walieleza namna ya kupata mwanga mzuri kutoka kwenye tabaka nyembamba za kemikali za kaboni. Ndiyo mbegu ya vioo vya OLED. Simu ya Galaxy S ya 2010 ikaifikisha mikononi mwa watu wengi, weusi wake mweusi kweli, kwa kuwa nukta isiyotumika huzimwa. Lakini kila nukta inaungua peke yake, na ya buluu huchoka kabla ya nyekundu na kijani. Ndiyo maana penye weupe wa kudumu hugeuka manjano. Nimeona simu ya dereva wa watalii iliyobaki na ukingo wa ramani. Nyingine ilikuwa na ukanda wa chini uliong'aa kuliko kioo kizima, kwa sababu ukanda ule ulikaa mweusi miaka yote na haukuchoka. Hao wanaonunua simu zilizokaa kwenye maonyesho ya dukani, mwanga juu kutwa, wafungue kwanza ukurasa wa kijivu mtupu. Kijivu hakifichi.

Watengenezaji nao wamerudia hila za zamani: Galaxy S8 ya 2017 ilisogeza kitufe chake cha kiooni kidogo kidogo bila mwenyewe kujua, na mandhari meusi yakaenea kuanzia 2019. Wateja huniuliza programu za rangi zinazomulika usiku kucha. Hazirudishi kilichoungua. Zinachosha sehemu nzima nazo mpaka zilingane na mbovu, na uhai wa kioo unapungua. Mie hushauri kupunguza mwanga, kufupisha muda wa kioo kuzimika, na kuficha vitufe vya chini. Kivuli kikizidi, dawa ni kioo kipya. Wengi wakisikia bei ya kioo halisi huichukua simu yao ilivyo, na sioni kosa: inapiga, inapokea, na picha za harusi zinaonekana.