Fisi wa Serengeti na hoja ya "maumbile"

Mjadala wa jinsia unapopamba moto katika kumbi zetu za mihadhara, hakosi mtu wa kuufunga kwa neno moja: maumbile. Mwanamume, twaambiwa, hutawala kwa sababu ndivyo viumbe vyote vilivyoumbwa, mtazameni simba. Hoja hiyo husikika pia Tarime na Mugumu, na huko ndiko inakopaswa kushindwa mapema, kwa kuwa mashahidi wa kuikanusha ni majirani.

Tuanze na fisi, ambaye katika ngano zetu ni mlafi na mpumbavu. Hans Kruuk, mtafiti Mholanzi aliyewachunguza fisi wa Serengeti na Ngorongoro katika miaka ya 1960 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1972, aliibomoa picha hiyo. Fisi ni mwindaji hodari, na katika koo zake majike ndio wenye amri. Mtoto hurithi cheo cha mama yake. Dume akishapevuka, aghalabu huuhama ukoo wake, na kule aendako huanzia mkiani.

Je, majike hutawala kwa misuli? Utafiti wa Ngorongoro uliochapishwa mwaka 2019 ulitoa jibu tofauti: katika ugomvi, mshindi kwa kawaida ni yule mwenye wengi wa kumtetea, awe jike au dume. Jike amebaki kwao, miongoni mwa ndugu. Dume mhamiaji husimama peke yake.

Shahidi wa pili yuko ng'ambo ya mpaka, Maasai Mara. Robert Sapolsky alikuwa akifuatilia kundi la nyani huko wakati kifua kikuu kilipozuka katika miaka ya 1980. Madume wakali, waliozoea kugombania mabaki ya chakula katika jalala la hoteli ya watalii, walikufa, wapole wakabaki. Kufikia mwaka 1993 madume wote wa awali walikuwa wametoweka, lakini wageni waliojiunga na kundi walikuwa wamejifunza upole uleule. Ukali uliodhaniwa kuwa wa damu ulikuwa desturi.

Sisemi tuwaige wanyama. Simba dume wanapoliteka kundi huua watoto wa waliowatangulia, na hakuna mwenye akili atakayetunga sheria kwa mfano huo. Ninalosema ni kwamba anayemwita mnyama kuwa shahidi wa mfumo dume sharti asikilize ushahidi wote.

Wakurya wenyewe walilijua hilo kabla ya watafiti. Katika nyumba ntobhu, mwanamke asiye na mtoto wa kiume hutoa mahari, akaoa mwanamke mwingine, na watoto wanaozaliwa huhesabiwa kuwa wa nyumba yake. Kiti cha mume, kumbe, hakikuhitaji mwili wa mwanamume. Kilihitaji ng'ombe na kutambuliwa na ukoo. Lakini tusiipambe desturi hiyo. Anayeolewa anaweza kuwa binti mdogo aliyetolewa kwa umaskini wa kwao, na Sheria ya Ndoa ya 1971, inayoitambua ndoa kuwa muungano wa mwanamume na mwanamke, haimpi kinga ya mke. Aliyekalia kiti amebadilika. Aliye chini yake yuko palepale.

Ndiyo maana somo la fisi lina uzito kila Desemba, msimu wa ukeketaji unapowadia. Sheria ya mwaka 1998 ilikwisha kuufanya ukeketaji wa wasichana walio chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai. Hata hivyo, binti anayetoroka usiku kwenda nyumba salama huyaacha nyuma yake wazazi, wazee wa mila na ukoo mzima. Ujasiri anao, wa kumtetea ndio haba. Twapenda kuwahubiria mabinti hawa wawe imara. Swali la haki ni kwetu sisi: siku watakaporudi kijijini, ni wangapi watakaosimama upande wao?