Mashahidi Wadogo wa Udongo wa Pande

Lindi ikitajwa katika habari za viumbe wa kale, kila mtu hukimbilia Tendaguru, na hana makosa. Mhandisi Mjerumani Bernhard Sattler alikuta mifupa huko mwaka 1906; kati ya 1909 na 1913 mamia ya wachimbaji, wakisimamiwa na Boheti bin Amrani, walifukua zaidi ya tani 200 za mifupa, wapagazi wakazibeba hadi bandari ya Lindi, zikapakiwa kwenda Berlin. Dinosaria mmoja amesimamishwa huko, kimo chake kinapita mita 13. Hata hivyo, kwa anayetafuta ushahidi wa mageuko ya viumbe, naona shahidi mwenye uzito zaidi yuko Kilwa, ukitoka Kiranjeranje kuelekea pwani ya Pande, naye hasomeki bila hadubini.

Wapinzani wa mageuko wana hoja ya haki kuhusu Tendaguru: mifupa inaonesha mnyama aliyekufa, haimwoneshi akigeuka. Udongo wa mfinyanzi wa Pande una la kujibu. Mwanzoni mwa karne hii wanajiolojia, wakishirikiana na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, walichoronga visima wakatoa udongo uliotuama chini ya bahari, tabaka juu ya tabaka. Haupitishi maji kwa urahisi, ndiyo maana magamba ya foraminifera, viumbe wa seli moja, yamebaki maangavu kama kioo baada ya miaka milioni 34. Humo yumo Turborotalia cerroazulensis. Ukoo wake, ukifuatwa katika matabaka ya bahari za kale, Italia kwa mfano, huanza na gamba la mviringo, kisha likazidi kubapa hadi likawa na ukingo mkali. Maumbo ya katikati yapo, kiasi kwamba wataalamu hubishana jina moja liishie wapi na jingine lianzie wapi. Kila aina ingetokea kivyake, ubishi huo usingekuwapo. Pande unaonekana mwisho wa ukoo huo, na juu kidogo foraminifera mwingine, Hantkenina mwenye miiba, naye anatoweka, wakati barafu ikitanda Antaktika.

Wapo wanaosema mpangilio huu ni kazi ya maji tu: vizito huzama kwanza, vyepesi hufuata. Lakini magamba haya yanakaribiana ukubwa, na bado kila moja lina tabaka lake. Tendaguru nako bahari ilipanda na kushuka, ikaacha makombe katikati ya matabaka ya dinosaria, yenye umri wa miaka kama milioni 150. Baada ya Wajerumani, Waingereza nao waliyachimba matabaka hayo kuanzia 1924. Hantkenina mmoja tu humo angetosha kuharibu hesabu yote, na hajapatikana.