Neno Halisi katika Insha ya Mtoto

Mwaka 1935 Frederick Johnson alipochapisha kamusi ya Kiswahili yenye kueleza maneno kwa Kiswahili chenyewe, mwanafunzi aliwekewa njia ya kutafuta maana pasipo kupitia Kiingereza. Tangu mwaka 1930 Kamati ya Lugha ilikuwa imekwisha kuanza kusanifisha tahajia na vitabu vya Kenya, Tanganyika, Uganda na Unguja. Kazi hiyo ilifaa sana. Lakini tahajia sahihi haimpi mtoto jicho la kuona.

Mtoto aandikapo juu ya “tunda zuri la mnazi,” msomaji haoni kitu. Mkwezi hasemi hivyo. Yeye hutaja kidaka, kitale, dafu, koroma na nazi, kila umri na jina lake: dafu hunywewa maji, koroma limekwisha kupita udafu wala halijawa nazi ya kukunwa. Hapana kivumishi kiwezacho kufanya kazi hiyo, na methali, ambazo walimu wengi huzipenda kupita kiasi, haziiwezi pia.

Basi mwalimu asimwambie mtoto apambe insha yake. Amuulize: lililoanguka lilikuwa dafu au koroma? Asiyejua na akamwulize mkwezi, maana majina haya yalikusanywa vinywani mwa watu kabla ya kuingia kamusini.