Shaka ya Maneno na Daftari la Wakosaji

Tangu zama ambazo mwizi wa kondoo alinyongwa hadharani nchini Uingereza, majaji waliolelewa katika sheria ya nchi ile wameshika kanuni moja yenye insafu kubwa: kwamba ibara ya jinai ikichukua maana mbili, moja ya kumtia mtu hatiani na ya pili ya kumwacha huru, basi shaka hiyo ni haki ya mshtakiwa, maadamu aliyeitunga sheria ndiye aliyekuwa na wasaa wa kuibainisha. Wanavyuoni wa fikihi nao, kwa njia yao wenyewe, walikwisha kuamua tangu kale kwamba adhabu za hududi huepushwa panapoingia shubuha.

Mwaka 1547, katika utawala wa Mfalme Edward wa Sita, wezi wa farasi waliondolewa fadhila ya kale iliyokuwa ikiwaokoa wakosaji na kitanzi. Walakini, kwa kuwa sheria ilitaja farasi kwa wingi, majaji waliona haimgusi aliyeiba farasi mmoja, na Bunge likalazimika kutunga nyingine mwaka uliofuata. Takriban karne mbili baadaye, mwaka 1741, mauti yaliwekewa kila aibaye kondoo au mifugo mingineyo. Majaji, walipoona kwamba neno hilo la mwisho limelegea mno kutegemewa katika jambo la roho ya mtu, waliibana sheria kwa kondoo peke yao, hata Bunge likarudi mwaka wa pili kuwataja mafahali, ng'ombe, maksai, mitamba, ndama na wana-kondoo, aina baada ya aina.

Kanuni hiyo ikavuka bahari. Mwaka 1820, katika kesi ya mauaji yaliyotendeka ndani ya mto wa Uchina, ilhali sheria ilitaja bahari kuu, Jaji Mkuu John Marshall wa Marekani alikataa kuugeuza mto kuwa bahari, akaeleza kwamba kutaja kosa na kupanga adhabu yake ni kazi ya watunga sheria, wala si ya mahakama.

Karne iliyofuata ilileta sheria za namna mpya, zinazomwadhibu mtu kwa kutokwenda kuliandikisha jina lake. Los Angeles iliwataka watu waliopata kutiwa hatiani kujiandikisha polisi tangu mwaka 1933, na mwaka 1947 jimbo la California likawafungulia daftari wakosaji wa makosa ya ngono. Mwaka 1957 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitengua hukumu ya mwanamke aliyekaa Los Angeles zaidi ya miaka saba bila ya kuarifiwa wajibu huo. Kwani haiwi haki kumwadhibu mtu kwa kuacha jambo ambalo hakuwa na njia ya kulijua.

Sheria ya Marekani nzima ya mwaka 2006 ya kuwaandikisha wakosaji wa ngono, yenye kifungo kifikacho miaka 10, ndiyo iliyozidisha mabishano. Mwaka 2010 Mahakama iliamua kwamba sheria imtajayo mtu asafiriye haimhusu aliyehama Alabama kwenda Indiana kabla haijatungwa. Mwaka 2016, majaji wote kwa kauli moja walikubaliana kwamba mtu aliyehamia Ufilipino hakupasiwa na sheria hiyo kurudi kuarifu Kansas, kwa kuwa iliwataja wakaao mahali, naye hakuwa akikaa huko tena. Kesi hizi ziliamuliwa kwa maneno ya sheria yenyewe, bila ya kuhitaji kanuni ya shaka, lakini heshima kwa mpaka wa maneno ni ile ile.

Ni wepesi kuulinda mpaka huo kwa ajili ya mtu apendwaye na jirani zake. Uadilifu wa hakimu hudhihirika anapoulinda kwa ajili ya yule ambaye umma mzima ungefurahi kumwona kifungoni. Wala umma haupati hasara kwa hilo, kwani Bunge la Uingereza lilirekebisha ibara zake kwa mwaka mmoja tu, na Bunge la Marekani lilikwisha kuliziba pengo la wasafiri wa ng'ambo kwa sheria mpya hata kabla ya hukumu ya mwaka 2016. Kosa la mtunga sheria hurekebishwa kwa kalamu yake mwenyewe, na asiye na kalamu hiyo asilipishwe kwa miaka ya umri wake.