Mwinuko wa Ardhi na Mwinuko wa Hewa

Uwanja wa ndege wa Melchior Ndadaye, hapa Bujumbura, uko mita 787 juu ya usawa wa bahari. Namba hiyo imo kwenye ramani za marubani, na haibadiliki asubuhi wala jioni. Lakini saa nane mchana, joto likifika nyuzi 30 katika bonde la Rusizi, ndege ndogo inayoanza kukimbia hapo hufanya kazi kana kwamba uwanja umenyanyuliwa hadi mita 1,500 hivi. Mwinuko huu wa pili, usiochorwa kwenye ramani, Wafaransa huuita altitude-densité na Waingereza density altitude. Napendekeza sisi tuuite mwinuko wa hewa.

Hesabu yake si ngumu. Kwa kipimo cha kimataifa, hewa ya usawa wa bahari huwa na nyuzi 15, na hupoa nyuzi 6.5 kila kilomita moja ya kupanda. Kwa mita zetu 787, inapaswa kuwa nyuzi 10. Ikiwa ni 30, zimezidi 20, na kila nyuzi iliyozidi huongeza takriban mita 36 juu ya mwinuko wa ardhi.

Hewa yenye joto hutanuka, ikawa nyepesi, na ndege hupata hasara mara tatu kwa mpigo: bawa linabebwa na hewa kidogo, rafadha inasukuma hewa kidogo, na injini isiyo na turbo inavuta hewa kidogo ya kuchomea mafuta.

Hapo ndipo rubani mchanga wa ndege binafsi anaponaswa. Kipima mwendo bado hakijafika kasi ileile aliyofundishwa, lakini ardhi inakimbia chini yake upesi kuliko alivyozoea, naye anadhani kasi imetosha. Anainua pua mapema. Ndege inaiacha lami kweli, kwa kuwa karibu na ardhi bawa hupata nafuu, lakini ikifika kimo cha nyumba ya ghorofa inagoma kupanda. Anavuta usukani zaidi, kasi inashuka, na bawa linaacha kubeba. Bujumbura njia ya kurukia ina urefu wa mita 3,600, kwa hiyo lami haitaisha upesi; kinachotisha ni kupanda, maana mashariki mwa mji safu ya Kongo-Nili hupita mita 2,000.

Afrika Mashariki ina kumbukumbu yake ya ndege ndogo kuanguka punde baada ya kuruka. Tarehe 14 Mei 1931 Denys Finch Hatton, mwindaji aliyeinunua ndege yake ya Gipsy Moth mwaka uliotangulia tu, aliruka kutoka Voi. Muda mfupi baadaye ndege ikaanguka na kuwaka moto, akafa pamoja na mtumishi wake, Kamau. Si haki kuitwisha hewa lawama ya Voi. Lakini kwa ajali ya Cheyenne, katika jimbo la Wyoming huko Marekani, wachunguzi waliitaja waziwazi. Tarehe 11 Aprili 1996 ndege aina ya Cessna 177 ilianguka mara baada ya kuruka, ikiwa na mtoto Jessica Dubroff wa miaka 7, baba yake na rubani mwalimu. Wote watatu walikufa. Ripoti ilitaja hali mbaya ya hewa, uzito uliozidi, na mwinuko wa hewa uliokuwa juu kuliko ule rubani aliouzoea. Alikuwa mtu wa pwani ya California. Leseni alikuwa nayo, ila hewa ya Cheyenne ilikuwa ngeni kwake.

Kwa nini nisikubali mwinuko wa densiti, ambao ndio tafsiri ya moja kwa moja? Mwanafunzi wa fizikia ataielewa, lakini mafunzo ya urubani ni ya kila anayeshika usukani. Densiti humfikirisha juu ya sifa ya kitu; mwinuko wa hewa humfanya aulize mara moja: na wa ardhi je? Ulizo hilo ndilo ninalolitaka. Kitabu cha Cessna 172 humwagiza rubani apunguze mafuta kwenye mchanganyiko kabla ya kuruka kutoka viwanja vilivyo juu ya futi 3,000. Bujumbura ina futi 2,582, kwa hiyo asomaye mwinuko wa ardhi peke yake ataona agizo halimhusu, ilhali injini yake inavuta hewa ya futi 5,000.

Kikwazo kimoja kimo katika lugha yenyewe. Kabla ya mvua, fukuto likitanda, husemwa hewa ni nzito. Mwilini ni kweli. Kwa bawa ni kinyume: mvuke wa maji ni mwepesi kuliko hewa kavu, kwa hiyo siku ya fukuto mwinuko wa hewa huzidi kupanda, ingawa kidogo kuliko unavyopandishwa na joto. Mwalimu wa urubani anayefundisha kwa Kiswahili alitamke jambo hili siku ya kwanza.

Wengine watauliza kama mwinuko wa hewa hautachanganywa na mwinuko wa kanieneo, ule unaosomwa kwenye kipima kimo kilichowekwa hektopaskali 1013. Sioni hivyo. Miinuko hii inafuatana kwa mpangilio wa hesabu: mwinuko wa ardhi, ukisahihishwa kwa kanieneo ya siku hiyo, huwa mwinuko wa kanieneo, huo nao ukisahihishwa kwa joto, huwa mwinuko wa hewa. Kwa Gitega, mji ulio juu ya mita 1,500, mchana wa nyuzi 25 tu jibu hupita mita 2,200.